Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Machi 2020 wageni waliondoka Lamu kama maji ya bamvua yanavyokupwa: leo yamejaa mpaka ngazini, kesho unaona matope. Nilikuwa mtembezaji watalii. Asubuhi Ngomeni, mchana Shela, jioni jahazi la kutazama jua likitua. Ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, kazi yangu ikawa kukaa barazani na kuhesabu punda wanaopita.

Siku moja Ami, ndugu wa babangu, aliniita. Mchwa walikuwa wameingia kwenye mguu wa kasha lake, na yeye mgongo haumruhusu tena kuinama. Tulilivuta hadi ukumbini, tukatoa kanzu za zamani, tukatoa mikeka, na chini kabisa, ndani ya kikoi kilichofungwa fundo mbili, tukakuta majarida 61. Mengi yalikuwa African Film. Machache Joe ya Nairobi, na manne Sani kutoka Tanzania, ambayo yeye mwenyewe hakumbuki yalifikaje pale.

Kwa mliozaliwa juzi: African Film halikuwa gazeti la sinema. Lilikuwa hadithi za picha za kamera, watu halisi wamepigwa picha na maneno yao yamewekwa ndani ya viputo. Lilitolewa na wenye jarida la Drum, kuanzia miaka ya 1960, na shujaa wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia, sigara kubwa na gari la kifahari. Alikuwa na Sonia, Kapteni Victor na kijana mmoja mjanja aitwaye Lemmy. Ami alikuwa kibarua bandarini Kilindini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na anasema kila akilipwa alinunua kwanza Spearman, ndipo akanunua chakula. Nilidhani anatia chumvi mpaka nilipokutana na wazee wengine watatu wenye hadithi ileile.

"Uza," aliniambia. "Lakini uniambie kila kimoja kimekwenda kwa nani."

Ndivyo duka lilivyoanza. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na njaa na simu yenye kamera nzuri.

Picha ya kwanza niliiweka kwenye kikundi cha wapenda vitu vya kale. Ndani ya saa moja mtu wa Nairobi akaniandikia neno moja: "Namba?" Nikamtumia namba yangu ya simu. Akacheka sana. Alikuwa anauliza namba ya toleo. Mimi sikuwa hata nimeitazama. Kwa mkusanyaji jina la jarida peke yake halimwambii kitu. Anataka namba ya toleo, anataka kujua kama kurasa zote zipo, kama karatasi ya katikati haijang'oka, kama kuponi ya shindano haijakatwa. Ile kuponi! Vijana wa zamani walikata kuponi kwa mkasi wakatuma kushindania zawadi, na leo tundu lile la mstatili linashusha bei nusu nzima. Nilimuuzia kwa shilingi 1,500 na nikajiona tajiri. Miezi sita baadaye niliona jinsi nilivyomtupia.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa la lugha. Nilifungua akaunti katika soko moja kubwa la mtandaoni la nje, wanakouziana watu wa dunia nzima, na huko maelezo ni ya Kiingereza. Nikatoa toleo zuri la Spearman, nikaandika kwamba hali yake ni fine. Kwangu mimi hilo lilikuwa na maana ya "safi, halina neno". Likanunuliwa na mtu wa Uholanzi kwa dola 60. Baada ya majuma matano nikapata ujumbe mrefu, wa adabu na wa baridi. Pini zina kutu. Mgongo una mikunjo sita. Pembe ya chini imekuwa mviringo. Hii si fine, akasema, na anataka pesa zake.

Nilikasirika. Jarida lina miaka 50, limekaa pwani, ulitaka liwe na pini za dhahabu? Kisha nikaenda kusoma, jambo ambalo ningefanya kabla. Wakusanyaji wa Marekani wana kipimo cha kuanzia 0.5 hadi 10, na kila neno lina kiti chake. Near mint, yaani karibu kama mpya, ni 9.4. Fine ni 6.0. Very good ni 4.0. Na good, neno ambalo mwalimu wetu wa darasa la nne alituapia kwamba maana yake ni zuri, huko ni 2.0. Kitabu kilichochakaa, kilichochanika kidogo, ila bado kinasomeka, wenyewe wanakiita good. Lugha ya watu ina unafiki wake, na ukifanya nao biashara inabidi uujue huo unafiki kwa tarakimu.

Nilimrudishia pesa. Lakini alipolirudisha jarida, alinipa elimu ambayo singeinunua kwa dola 60. Kifurushi chake kilikuwa kazi ya fundi. Jarida limewekwa ndani ya karatasi ya plastiki angavu, nyuma yake kadibodi nyeupe nyembamba. Kisha vipande viwili vya boksi, kimoja mbele kimoja nyuma, na mistari ya boksi moja imelala wima, ya lile jingine imelala mlalo, ili kifurushi kisiweze kukunjika upande wowote. Jarida limebanwa kwenye boksi kwa vipande vya selotepu vilivyokunjwa ncha, ili mfunguaji avute bila kisu. Nilikaa sakafuni nikakifumua taratibu kama mtu anayefumua kanzu ya fundi mwingine apate kuiga mshono. Mpaka leo nafunga hivyohivyo, na bwana yule sasa ni mteja wangu.

Selotepu yenyewe, hapo kwenye boksi ndipo mahali pake. Usiiweke kamwe juu ya karatasi ya jarida. Nilikuwa nimekwisha "tengeneza" matoleo manne ya Ami kwa selotepu kabla sijajua. Gundi yake inageuka ya manjano, inaingia ndani ya karatasi, na haitoki. Mpasuko ulioachwa kama ulivyo una thamani kuliko mpasuko uliozibwa na mwenye nia njema.

Adui mwenyewe hasa, lakini, ni bahari. Karatasi za majarida haya ni za bei rahisi, za kusaga mbao, na zina asidi yake ya ndani. Hata ukiziacha kabatini zitageuka kahawia polepole. Mwanga unaharakisha, joto linaharakisha, na unyevu unaleta ukungu na kutu. Mkusanyaji wa nchi kavu anaambiwa ahifadhi vitu vyake penye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Nilinunua kipima unyevu kidogo cha kubandika ukutani. Chumbani kwangu Langoni, miezi ya kusi, hakikushuka chini ya 75. Usiku mmoja kilisoma 88, nikadhani kimeharibika, nikakipeleka kwa jirani, kikasoma 87.

Mwanzoni nilikuwa nimeyapanga katika zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, kwa sababu yalipendeza kwa picha. Kuta zetu za matumbawe zinavuta maji kama sponji. Jarida lililoegemea ukuta kwa mwezi mmoja lilipata madoa ya kahawia mgongoni kama mtu mwenye mba. Sasa kila kitu kiko ndani ya masanduku ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, yameinuliwa juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono mmoja. Ndani nimeweka silika, zile punje zinazokuja katika pakiti ndogo ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wananiwekea. Nazitoa punje kwenye pakiti zake, nazishona ndani ya vitambaa, na kila baada ya wiki kadhaa nazikausha kwenye kikaango kavu, moto mdogo, mpaka zitoe mvuke wote. Mamangu huwaambia wageni, "Mwanangu huyo, anakaanga kisicholiwa."

Plastiki yenyewe ilinipa mtihani. Tangu Agosti 2017 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na mimi sikutaka kuanza kubishana na mtu yeyote kama mfuko wa kuwekea Spearman ni mfuko au si mfuko. Kwa hiyo naagiza karatasi bapa za poliesta, nazikata na kuzikunja kama jalada la faili, pande mbili wazi. Zinagharimu zaidi, lakini poliesta haitoi kemikali za kuila karatasi kama zile plastiki laini za dukani.

Na pamoja na ujanja wote huo, masika ya 2021 yalinipiga. Makuti ya dari yalikuwa yanavuja mahali pamoja, na mahali hapo, kwa kudura ya Mungu, ndipo nilipoacha sanduku moja wazi nilipokuwa napiga picha. Nilikwenda kuswali, nikapitia kwa rafiki, mvua ikashuka. Matoleo tisa. Mawili yalikuwa Joe. Nilijaribu kutenganisha kurasa kwa kisu cha mkate na wino ukabaki kwenye kisu. Sitaki kulieleza zaidi.

Nimelitaja Joe, basi niseme kwa nini nilikaribia kulia. Jarida lile lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, na likafa kabla ya muongo ule kwisha. Lilikuwa la watu wa mjini, utani wa baa, wa mishahara isiyofika mwisho wa mwezi. Lilisomwa, likaazimwa, likafungiwa karanga. Ndiyo maana leo halipatikani.

Jambo hili nililielewa kwa kupoteza pesa. Mwishoni mwa 2020 nilisikia mtu wa mitumba ya vitabu Mombasa ana katoni la katuni za Marekani. Nikapanda basi. Ndani mlikuwa na X-Men namba 1 ya 1991, nakala tatu, zote zinang'aa. Namba moja! Za Marekani! Nikajiambia Ami atahamia nyumba nyingine. Nikalipa 12,000, karibu akiba yangu yote, nikarudi nimekumbatia katoni mpaka Mokowe, na kwenye boti nikaliweka mapajani kama mtoto mchanga. Kumbe toleo lile lilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, na jalada lake lilitolewa kwa sura kadhaa ili watu wanunue zote. Kila aliyelinunua alilihifadhi akidhani atakuwa tajiri, ndiyo maana hakuna aliyetajirika. Ile katuni iliyomleta Superman mwaka 1938, Action Comics namba 1, iliyouzwa senti 10, ilisomwa na watoto na kutupwa. Mwaka 2024 nakala moja iliuzwa dola milioni 6. Zile X-Men zangu bado ninazo mbili. Moja nilimpa mtoto wa dada yangu. Ameisoma mpaka jalada limeachia, na nadhani hiyo ndiyo iliyopata faida kuliko zote.

Kuanzia hapo niliacha kushindana na Wamarekani katika vitu vyao. Nani atanunua Spider-Man Lamu, ailipie nauli ya bahari, wakati imejaa kwao? Kilicho changu ni kile ambacho watu wa huku walikifungia bajia. Sani zenye katuni za kina Madenge. Katuni za Kiswahili za wachapishaji Sasa Sema za miaka ya 1990, kama Abunuwasi ya mchoraji Gado ya mwaka 1996. Ya Fumo Liyongo, ambayo watu wa Pate na Kipini waliopo ughaibuni huiulizia kama wanaulizia jamaa yao. Hata Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti: matoleo ya mwanzo yaliyo mazima yanaanza kutafutwa, kwa sababu cha bure hakitunzwi. Kila wiki nazunguka kwa wauza karanga na wafunga mahamri, napekua karatasi zao kabla hazijapata mafuta. Wananicheka, lakini bei ya kilo wameipandisha.

Wateja wa nyumbani ni wa aina yake. Kuna anayesema "bei ya mwisho?" kabla hajasema salamu. Kuna anayeomba umpigie picha kurasa zote, atakulipa mia mbili. Nakataa, si kazi yangu kunakili jasho la mchoraji. Na kuna aliyenitumia ujumbe wa M-Pesa wa uongo, umeandikwa vizuri kabisa, jina langu, kiasi, hata salio. Ila ulitoka kwa namba ya kawaida ya simu, na salio lililoandikwa lilikuwa kubwa kuliko nililowahi kuwa nalo maishani. Hapo ndipo nilipomshtukia. Sasa sitazami ujumbe, natazama salio mwenyewe.

Usafirishaji ni safari. Kifurushi kinatoka Langoni kwa miguu, kinavuka kwa boti hadi Mokowe, kinaingia kwenye buti la basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Mara ya kwanza kifurushi changu kilisafiri chini ya gunia la maembe. Mteja wa Mombasa alinipigia: "Kaka, Spearman wako ananuka embe." Siku hizi namkabidhi kondakta mkononi, namnunulia chai, naye anakisimamisha nyuma ya kiti chake. Vya nje vinakwenda kwa posta, rejista, chini ya kilo 2 ili vihesabike kama barua, na ile namba inayoanzia na R na kuishia na KE namtumia mteja saa ileile kabla hajaiuliza. Mteja akikaa siku tano bila habari tayari ameanza kukuita mwizi kimoyomoyo.

Lakini kilicholifanya duka likae ni jambo dogo kuliko hayo yote. Baada ya fedheha ya Uholanzi nilianza kuandika kasoro juu kabisa, kabla ya sifa, kabla ya bei. Kwa Kiswahili naandika kama mtu anayemweleza daktari: "Jalada limechoka. Mgongo umeachia vidole viwili kutoka chini. Pini ya juu ina kutu, ya chini nzima. Ukurasa wa 11 una doa la chai. Ndani kamili, kuponi ipo." Kisha picha ya kila kasoro, imepigwa saa kumi alasiri barazani penye kivuli, sarafu ya shilingi tano pembeni ili ukubwa wa doa uonekane. Rafiki yangu, muuza samaki, aliniambia nina wazimu. Yeye hajawahi kumwambia mtu samaki wake alivuliwa lini. Mwezi wa kwanza mauzo yalishuka kweli. Wa pili yakarudi. Kufikia mwisho wa mwaka, malalamiko yalikuwa mawili tu, na moja lilikuwa la mtu aliyesema doa la chai ni dogo kuliko nilivyoeleza.

Katika kuorodhesha kasoro ndipo nilipokutana na ile ya Ami.

Kwa wakusanyaji, maandishi ya kalamu ni kasoro. Jina la mwenye kitabu linashusha bei; hesabu za sokoni zinashusha zaidi. Toleo moja lilikuwa zima isipokuwa jalada la nyuma, ambako Ami alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu orodha ya wadeni wake wa Mombasa. Majina kumi na moja na shilingi mbele ya kila jina. Mengi yamekatwa kwa mstari. Nikaandika kama kawaida: "Maandishi ya kalamu, jalada la nyuma, orodha ya madeni." Kabla ya Magharibi nilikuwa na watu watatu wanaolitaka, na mmoja alitoa mara mbili ya bei niliyoweka, kwa sababu ya hayo maandishi hasa. Nilirudi kulitazama tena kabla sijamjibu, nikasoma majina moja moja. La nane lilikuwa la babangu. Shilingi mbili na senti hamsini. Halijakatwa.

Nililitoa sokoni usiku uleule. Asubuhi nikalichukua, likiwa ndani ya poliesta yake, nikampelekea baba, ambaye alikuwa ameketi na Ami pale Mkunguni chini ya mti, kama kila siku. Baba alivaa miwani, akasoma, akamtazama nduguye.

"Miaka hamsini umenyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja ukumbuke."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya hamsini, akaiweka juu ya goti la Ami. Ami akaishika, akaigeuza upande huu na huu kama ninavyogeuza mimi majarida, akauliza, "Na ile ya miaka yote hii iko wapi?"

"Riba haramu, bwana," baba akasema, na akaagiza kahawa.